Barua ya Wazi kwa Wazee wa Kanisa Jirani, juu ya Kapu la Kila Mwezi

Ngamiani, Tanga

Kwa Baraza la Wazee, Mchungaji, na washarika wote wa kanisa la Kilutheri la mtaani kwetu.

Waheshimiwa,

Nawaomba mniwie radhi kwa kutia mkono katika shauri la nyumba isiyo yangu. Mimi ni Muislamu. Sina kura katika baraza lenu, wala sitaki kupewa. Lakini mzigo unaobishaniwa katika vikao vyenu naujua uzito wake kwa mabega yangu, kwa kuwa gari linaloubeba hupakiwa mbele ya baraza ya nyumba yangu, na kijana wa kupakia akikosekana huwa ni mimi ninayeshika upande wa pili wa gunia. Kwa hiyo iliponifikia habari, kwa njia ile ambayo habari zote za Ngamiani hupitia, yaani kwa muuza kahawa, kwamba baadhi yenu mwataka sadaka ya kila mwezi ikomeshwe na mahali pake iwekwe siku moja kubwa katika mwezi wa Desemba, yenye turubai, viti vya kukodi na mgeni rasmi, nilijiona nina haki ya ujirani ya kusema neno kabla shauri halijafungwa. Na nimeona heri niliseme waziwazi, tena kwa maandishi, ili asiyependezwa nalo apate kulijibu mbele ya watu.

Niruhusuni kwanza niyataje mambo mnayoyafanya, maana nadhani ninyi wenyewe, kwa kuyazoea, hamyaoni tena. Jumapili ya mwisho ya kila mwezi kapu la ukindu huwekwa karibu na mlango wa kanisa lenu, mbali na vile vikapu vya sadaka ya ibada, na kila atokaye hutia alichojaliwa: huyu mche wa sabuni, yule kibaba cha maharage, mwingine noti iliyokunjwa mara nne hata isijulikane ni ya shilingi ngapi. Wakati wa mavuno, mnapopiga mnada wa kuku, mikungu ya ndizi na mafenesi nje ya kanisa, sehemu ya fedha zake huingia humo pia. Siku ya pili yake akina mama wa kamati ya Diakonia hukutana barazani kwangu, kwa sababu pana kivuli, na kwa sababu mke wangu hawezi kuwaona watu wamekaa asiwatilie chai, wakafungua daftari lao, wakaanza kupiga simu. Tafadhalini liangalieni jambo hili la simu, kwa kuwa ndilo lililonitia katika kuandika. Hawapigi kutoa taarifa kwamba wanakuja, ili wapokelewe kwa nyimbo. Hupiga kuuliza. Humwuliza mlezi wa watoto, na muuguzi wa wodi, na msimamizi wa makao ya wazee: mwezi huu mmepungukiwa na nini? Kisha huandika, na ndipo waendapo sokoni Mgandini.

Daftari lile, waheshimiwa, ningekuwa na mamlaka ningeliweka katika kabati moja na vitabu vyenu vya ubatizo. Nimepata kulipitia kwa ruhusa ya mwenye kulitunza, mama mmoja mwenye mwandiko wa kukaza na asiyependa kusifiwa, hata nimemwahidi sitamtaja. Humo utakuta unga na sukari, hapana shaka, lakini aghalabu utakuta vitu ambavyo mtu aliye mbali na shida hawezi kuvifikiria abadan: nyembe za kunyolea wazee, betri za saa ya ukutani, uzi mweusi na sindano, mipira ya lastiki ya kuvalisha ncha za magongo. Hii mipira ya magongo ilinitia katika tafakuri ndefu. Tajiri gani, hata awe karimu wa kupigiwa mfano, angelala akaota kwamba wakati wa masika, sakafu inapolowana, mzee mwenye gongo lililolika ncha huanguka akavunjika nyonga, na kwamba kinga ya msiba huo mzima ni kipande cha mpira kinachonunuliwa kwa fedha ya kahawa ya juma moja? Haoti, wala halaumiwi. Hujua hivyo yule tu aulizaye, na huambiwa kweli yule tu aulizaye mara kwa mara, kwa sababu mhitaji akiulizwa mara moja kwa mwaka hutaja unga, basi. Huona haya kutaja sindano mbele ya mgeni.

Wala msidhani kwamba mwendo huu mliubuni hapa Tanga. Mimi ni mtu wa kusoma kila karatasi inayonipitia, na katika kusoma nimekutana na habari za waliowatangulia ninyi. Mtume Paulo alipokuwa akikusanya msaada kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu aliwaagiza watu wa Korintho kwamba kila siku ya kwanza ya juma kila mtu aweke akiba kwake kwa kadiri ya pato lake, ili yeye atakapofika pasiwe tena na haja ya kukimbizana na michango. Nami kila nikumbukapo agizo hilo hudhani kwamba alikuwa amekwisha kuiona siku moja kubwa yenye turubai, akaichoka. Katika mji wa Carthage, kaskazini ya bara letu hili, mwandishi wenu Tertullian aliwaeleza watawala wa Kirumi, karibu na mwaka 197, kwamba Wakristo walikuwa na sanduku ambalo kila mtu, akitaka na akiweza, alitia kidogo mara moja kwa mwezi, pasipo kulazimishwa, na kwamba fedha hizo hazikuliwa katika karamu; zilikwenda kuwalisha fukara na kuwazika, kuwatunza mayatima, na wazee waliokwisha kufungiwa nyumbani na udhaifu, na waliovunjikiwa na jahazi, na waliotiwa gerezani au kupelekwa kutumika migodini. Mwaka 251 Cornelius, askofu wa Roma, alipohesabu watu wa kanisa lake katika barua aliyompelekea mwenziwe wa Antiokia, aliandika, baada ya makasisi na mashemasi, kwamba walikuwamo wajane na wenye dhiki zaidi ya 1,500 waliokuwa wakipata riziki kwa kanisa. Watu 1,500 hawalishwi kwa sikukuu. Hulishwa kwa hesabu, na kwa ghala, na kwa mtu anayeamka alfajiri kwenda kulifungua.

Na ushahidi ninaoupenda kupita wote ni wa adui. Kaisari Julian, aliyetawala Roma tangu mwaka 361 hata 363, na ambaye aliuacha Ukristo akataka kuirudisha ibada ya miungu ya zamani, alimwandikia kuhani mkuu wa Galatia akilalamika kwamba ni aibu kuona Wakristo wakiwalisha maskini wao na pamoja nao maskini wasio wao, ilhali wenye dini yake hawapati msaada kwa wenzao. Akaamuru nyumba za wageni zijengwe na ngano itolewe kila mwaka. Kaisari mwenye majeshi, mwenye hazina ya dola, alilazimika kuiga kapu! Nadhani hakuna kanisa lililowahi kupata sifa kubwa kuliko ile, na haikutolewa na rafiki.

Nasi katika dini yetu tumefundishwa kwamba amali impendezayo zaidi Mwenyezi Mungu ni ile idumuyo, ijapokuwa haba. Sikulitaja hili ili nipate sehemu katika sifa zenu. Nimelitaja kwa sababu hapa Tanga mafundisho hayo mawili, yenu na yetu, yamejirani kama tulivyojirani sisi, nasi sote huwa wepesi wa kuyasahau.

Hebu sasa niseme habari za wale wanaopokea, maana hao hawakuitwa katika kikao. Mji huu una fukara wa namna yake, ambao huwezi kuwaelewa mpaka uijue habari ya mkonge. Mkonge uliletwa pwani hii mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Katika miche aliyoiagiza ng'ambo ni 62 tu iliyofika hai, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani, na katika hiyo ndiyo ikatoka ile bahari ya kijani iliyokuja kufunika nchi kutoka Pangani hata Korogwe na kupita. Mashamba yalihitaji mikono kuliko iliyokuwako, na kwa ajili hiyo, zamani za Waingereza, ikaundwa ofisi iliyoitwa SILABU, iliyowakusanya vijana kutoka Songea, Njombe, Kigoma, na hata ng'ambo ya mipaka, Burundi, Msumbiji na Nyasa, wakaja kwa mikataba, wakapewa namba, wakaitwa manamba. Mwaka 1964 nchi ilitoa mkonge zaidi ya tani 200,000. Kisha zikaja kamba za plastiki, bei ikaanguka, mashamba yakabadili mikono, na mwisho wa karne ile mavuno yalikuwa yamepungua yasifikie hata sehemu ya tano ya yalivyokuwa. Mashine zikanyamaza, lakini watu hawakuweza kurudishwa walikotoka. Walioletwa wakiwa vijana wakazeeka katika kambi, mbali na ukoo, lugha ya mama imewakauka mdomoni. Na ijapokuwa wengi wao wamekwisha kutangulia mbele ya haki, waliobaki, na wajane wa waliokufa, ndio mnaowakuta katika vyumba vya kupanga vya pembezoni mwa mji na katika makao ya wazee kama yale ya Mwanzange. Mzee wa namna hiyo hana mtoto wa kumtumia fedha kwa simu mwisho wa mwezi. Mwisho wake wa mwezi ni ninyi.

Pandeni sasa milimani. Lutindi, juu ya Korogwe, palianza mwaka 1896 kuwa makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne iliyofuata pakageuka kuwa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili, katika zama ambazo mgonjwa wa namna hiyo, mahali pengi pa nchi hii, alifungwa mnyororo mtini. Mpaka leo pako, chini ya dayosisi yenu wenyewe. Irente, karibu na Lushoto, mna shule ya watoto wasioona, na miongoni mwa wasioona vizuri katika nchi yetu wamo watoto wengi wenye ualbino. Nimewataja hawa kwa makusudi, kwa kuwa nataka wale wenye shauri la Desemba wanijibu kwa habari zao. Mwenye kifafa aliyezoea vidonge vyake, vikikatika ghafula, ugonjwa humrudia, na huweza kumrudia kwa ukali kuliko wa kwanza. Tabibu yeyote wa hospitali ya Bombo atawaambia hivyo. Mwenye ugonjwa wa akili aliyetulia kwa dawa, akizikosa kwa majuma machache, huweza kuvunjika tena, na kazi ya miaka ikawa kama haikufanyika. Mtoto mwenye ualbino huhitaji mafuta ya kujikinga na jua, kama yale yatengenezwayo katika hospitali ya KCMC kule Moshi, na huyahitaji kila siku atokapo nje, pamoja na kofia pana na shati la mikono mirefu, la sivyo saratani ya ngozi humwingia angali kijana. Jua la Tanga halina likizo. Dawa ya kifafa ya miezi kumi na miwili haimezwi siku moja ya Desemba, na chupa mia za mafuta zilizotolewa kwa mkupuo mbele ya wapiga picha, huenda nyingine zikapitwa na muda wake kabla hazijatumika.

Nimefanya juhudi ya kuwasikiliza wenye shauri hilo kwa insafu, kwa maana najua hawakulitoa kwa ubaya. Mtunza hazina wenu, ambaye ni mtu mwaminifu hata kero, asema kwamba gari la kukodi kila mwezi linakula sehemu ya sadaka. Kwamba hesabu za vitu vidogo vidogo zinamchosha mkaguzi. Kwamba paa la kanisa linavuja. Na kwamba siku moja kubwa itawavuta matajiri na viongozi ambao katika kapu la ukindu hawatii kitu, na kwa hiyo jumla ya mwaka itakuwa kubwa kuliko sasa. Hoja hizi zina uzito, hata ile ya mwisho yaweza kuwa kweli tupu. Naamini kabisa kwamba chini ya turubai mtapata fedha nyingi zaidi. Lakini sharti tuulize fedha hizo zinanunuliwa kwa kitu gani.

Zinanunuliwa kwa sitara ya wanaosaidiwa. Siku kubwa haiwi kubwa pasipo watu wa kuonyeshwa. Basi wazee wa watu watapakiwa garini, watoto watavalishwa fulana zenye jina la kanisa, watakalishwa juani tangu saa tatu wakimngoja mgeni rasmi aliyechelewa, kisha bibi mmoja mwenye mguu uliooza atasimamishwa kando ya gunia la sembe, kushoto kwake mheshimiwa na kulia kwake bango, aambiwe atabasamu. Picha hiyo itapita katika simu za mji mzima, na wajukuu wake, kama anao, watamwona. Imo katika Injili yenu, nasi tunayo katika hadithi za Mtume wetu, kwamba mtoaji atoe hata mkono wake wa kushoto usipate habari za wa kulia. Sasa hali imekuwa mkono wa kushoto ndio unaoshika kamera. Mama wenu mwenye daftari hajapata kupigwa picha, na hiyo ndiyo sababu muuguzi humwambia kweli.

Msije mkadhani kwamba ninawasema ninyi peke yenu. Sisi mwezi wa Ramadhani hufanya yayo hayo. Tende, mchele, sukari na mafuta humiminwa katika vituo vya watoto mpaka stoo hazifungi, mabango yakatundikwa, futari zikaandikwa kwa majina ya wafadhili. Mwezi wa Shawwal ukiandama, mlezi yule yule aliyekuwa hana mahali pa kuweka mchele hukopa unga dukani. Nimelisema jambo hili msikitini kwetu zaidi ya mara moja, na jibu nililopewa ni kwamba thawabu za Ramadhani huzidishwa. Ni kweli. Lakini njaa ya Muharram nayo haipungui.

Kuhusu gari, kwa kuwa jambo la gari ni jepesi kuliko yote, niacheni nilimalize hapa. Yuko sahibu yangu anayechukua samaki sokoni Deep Sea kila siku kwa pikapu yake, na akisha kushusha hurudi mtupu. Nimekwisha kusema naye. Yuko radhi kuwabebea mara moja kwa mwezi kwa gharama ya mafuta tu, sharti msilalamike kwa harufu. Na mizigo ya milimani haihitaji gari, kwa maana fedha hupanda Lushoto kwa simu upesi kuliko basi. Ama paa linalovuja, hilo ni haki ya Mungu na ya waumini, nami sina la kulisema isipokuwa kwamba kapu halikulitoboa.

Sasa nafika penye ombi langu hasa, nalo ni kubwa kuliko kuwaomba msiache. Kuanzia Lamu hata Kilwa, tangu zama za mababu, watu wa mwambao huu wamekuwa wakiweka wakfu nyumba, visima na mashamba ya minazi, ili mali yenyewe isiuzwe wala kurithiwa, na faida yake itumike kwa msikiti, kwa wasafiri au kwa fukara, mwaka hata mwaka, aliyeiweka akiwa hai au amekufa. Unguja mpaka leo iko Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana kwa kazi hiyo. Sitawaficha kwamba mfano huu una dosari zake. Wako wasimamizi waliokula kodi za wakfu mpaka kuta zikaanguka, na minazi iliyokauka pasiwe na wa kupanda mwingine. Lakini muradi wake ni sahihi: kwamba chakula cha maskini kisingoje moyo wa tajiri uchangamke. Ninyi mnazo fremu nne za maduka mlizojenga upande wa barabara. Kodi zake, kwa nilivyosikia, huingia katika mfuko mkuu, zikatumika kwa lolote lililo mbele. Nawaomba kodi za fremu mbili katika hizo nne ziwekwe mbali, kwa azimio lililoandikwa katika kumbukumbu za baraza na kuthibitishwa na mkutano mkuu wa usharika, ziwe za kapu la kila mwezi, na baraza litakalokuja baada yenu lisiweze kuzigeuza kwa kikao cha jioni moja.

Na fedha hizo, kwa kuwa zitakuwa za nakidi na za kutumainiwa, ziende mahali ambapo kapu haliwezi kufika. Hakuna mtu, katika maisha yangu yote, niliyemwona akiingia katika kituo cha watoto amebeba mshahara wa mlezi. Watu huleta biskuti. Mlezi anayeogesha watoto saa kumi na moja alfajiri, anayekesha na mwenye homa, anayejua nani hukojoa kitandani na kwa nini, huyo hulipwa kidogo, tena hucheleweshewa, akipata kazi ya kupika hotelini huondoka, na watoto huanza upya kumzoea mwingine. Kadhalika hakuna aletaye umeme wa luku, wala bili ya maji, wala fedha ya kuzibua choo. Vitu hivi havina sura nzuri katika picha, na labda ndiyo sababu. Kodi ya fremu mbili haina macho. Itakwenda chooni kama itakavyokwenda jikoni.

Nina neno jingine juu ya watoto, na hili nalisema kwa tahadhari, maana najua huruma zenu zimeelekea huko kuliko kwingine. Ulizeni leseni. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imetaka makao ya watoto yawe na leseni na yakaguliwe, na ofisi ya Ustawi wa Jamii haiko mbali. Wako walezi ambao Mungu pekee atawalipa, na wako wengine ambao wamekwisha kutambua kwamba chumba chenye watoto ishirini huvuta wafadhili kuliko duka. Tena wengi katika watoto tunaowaita mayatima wana mama aliye hai, au bibi. Kilichowatoa nyumbani ni ufukara. Bibi wa Makorora anayelea wajukuu watatu kwa kuuza mihogo ya kukaanga, akipata kwenu kila mwezi unga, na mwezi wa Januari sare na madaftari ya shule, hatawapeleka watoto kituoni, na watakua wakimwita bibi yao bibi. Mama wa Diakonia wanawajua mabibi hao nyumba kwa nyumba, kwa sababu jumuiya zenu hukutana huko huko uani kwao. Najua bibi hana kibao mlangoni cha kuandika jina la mfadhili. Waulizeni mama hao, nao watawaambia ni wangapi.

Wala sikatai Desemba. Wazee wa Mwanzange ni watu kama sisi, hupenda pilau na hupenda ngoma, na mwaka usiokuwa na siku ya furaha ni mrefu sana kwa mtu asiyeweza kutembea. Fanyeni sikukuu, lakini ifanyieni kwao, uani kwao, ninyi mkiwa ndio wageni, mkae katika mikeka yao na mle walichopikiwa wao. Mgeni rasmi akitaka kuja aje na sahani yake. Mke wangu ameniagiza niseme kwamba pilau ataisimamia yeye, kwa kuwa pilau ya sikukuu iliyopita, kwa maneno yake, ilikuwa wali wenye rangi.

Limebaki jambo moja ambalo insafu yanidai nilitaje kabla hamjalisikia kwa muuza kahawa. Mpangaji wa fremu ya pili kutoka barabarani, yule fundi cherehani, ni mpwa wangu, naye anadaiwa kodi ya miezi mitatu. Asije mtu akasema kwamba ninagawa mali ya kanisa ilhali jamaa yangu anaikalia bure. Nimekwisha kukaa naye. Miezi miwili ataileta kwa mtunza hazina Ijumaa hii baada ya swala, na wa tatu ataulipa kwa kushona sare za wajukuu wa yule bibi wa Makorora, kama baraza litaridhia. Vipimo vya watoto anavyo mama mwenye daftari.

Wasalaam,

Jirani yenu wa upande wa baraza.